Kidole cha Nesi

Mtoto wa Mama Kongo nilimsifia kwa mdomo wangu mwenyewe. Ilikuwa Julai 1999, Mwanjelwa, baridi ile ya Mbeya ya kunawia maji ya moto. Mashavu yalikuwa tele, vimiguu vimejaa. "Huyu kashiba," nikasema. Mama yake akaitikia taratibu, "Eko muzuri, mama."

Tulimwita Mama Kongo kwa sababu hakuna aliyejisumbua kuuliza jina la mwanawe. Vita vya Kongo vya 1998 vilimvusha Ziwa Tanganyika kutoka Kalemie hadi Kigoma. Wenzake walipelekwa kambini Nyarugusu; yeye akamfuata shemeji yake Mbeya, akaishia chumba cha uani kwetu, bila karatasi. Zahanati aliipita kwa mbali. Aliamini ataulizwa kibali kabla ya kuulizwa anaumwa nini. Hata kwamba mtoto wa chini ya miaka mitano hatozwi pesa hakuwa na wa kumwambia, na sisi tuliojua hatukumwambia.

Tulichomwambia ni kingine. Alikuwa mjamzito tena, ziwa amemwachisha mtoto, na mtoto akaanza kununa, hachezi, nywele zikageuka za rangi ya kutu. Uani wakanong'ona: kambemenda mwanawe, yaani kamdhuru kwa kulala na mwanaume angali ananyonyesha. Akasikia. Tangu siku hiyo akawa hamtoi nje ila amemfunika kanga hadi kichwani.

Ngozi ya mapaja ilipoanza kubanduka ndipo nilipomvuta mkono. Nikamwambia nitasema ni mdogo wangu. Hatukuulizwa kitu. Nesi, mama wa Kinyakyusa mtu mzima, alikibonyeza kidole gumba juu ya mguu wa mtoto, akahesabu kimoyomoyo, akakiondoa. Shimo likabaki. Lilikaa pale kama kwenye ugali uliopoa, nami nikakumbuka neno langu la "kashiba".

"Anakula nini?"

Uji wa sembe, ugali, majani ya maboga. Mbeya hii ya maharage na maziwa!

Kisha akamgeukia mama mwenyewe, ambaye hakuna aliyekuwa amemfikiria, akamshusha kope ya chini. Ndani palikuwa peupe kama karatasi. Kumbe ule udongo wa pemba aliokuwa akiutafuna kutwa, tukimcheka, ulikuwa na maana yake. Akaandikiwa vidonge vya kuongeza damu.

Miaka baadaye nilisoma kwamba jina la ugonjwa ule wa mtoto, kwashakoo, yaani utapiamlo wa kuvimba mwili, limetoka kwa Waga wa Ghana: ugonjwa wa mtoto anayeondolewa ziwani na ujio wa mdogo wake. Wao nao waliliona tuliloliona sisi, ila sisi tuliligeuza aibu ya mama.

Walilazwa. Kesho yake nilipeleka ndizi na maharage, sufuria nzima, na nesi akanizuia mlangoni. Mwili uliochoka hivyo, akasema, chakula kingi ghafla huweza kuuua. Mtoto alipewa maziwa maalumu kidogo kidogo, usiku na mchana, na kufunikwa blanketi, maana watoto wa namna ile hupoa haraka.

Siku ya tano wakampima. Uzito ulikuwa umeshuka. Mama Kongo akaanza kulia, nami machozi yakinilenga, tukidhani ndiyo basi. Nesi akacheka.

"Hayo ni maji yanatoka, mama. Mtoto wako ndiyo kwanza anaonekana."

Nikamtazama. Vimiguu kama njiti.