Genge la darasani: ninavyofundisha watoto kujumlisha pesa

Genge langu la darasa la pili ni dawati moja na bidhaa sita. Ukiweka ishirini, watoto watachezea makopo na hesabu utaisikia kwa mbali. Nyanya halisi usilete, kwa joto hili la Dar hazifiki mapumziko. Mimi natumia visoda vyekundu, vinne kwa fungu. Bei naziandika kubwa: kiberiti 100 (njiti nimeshazitoa), kitunguu 200, chumvi 300, fungu la nyanya 500, sabuni 600, mafuta ya kupima 700.

Sarafu ziwe za kweli, maana za kukata kwenye boksi watoto huzichanganya. Kila kundi lina kopo lenye kumi za mia, tano za mia mbili na nne za mia tano. Hiyo ni 4,000. Noti ndizo nazichora kwenye manila: ya 1,000, simba 2,000, kifaru 5,000.

Wanakaa watatu watatu: muuzaji, mteja na benki. Kila baada ya manunuzi mawili wanabadilishana.

“Mama, nyanya shingapi?”

“Fungu mia tano.”

Siku ya kwanza ni sarafu za mia tu. Ugumu unaanza zikiingia nyingine. Mpe mtoto 500, 200 na 100, atakwambia “mia tatu”, kwa sababu amehesabu vipande. Kumkatalia hakusaidii. Mwambie apange sarafu tano za mia chini ya ile ya mia tano, mbili chini ya mia mbili, aone kilichomo ndani. Kisha aanze na kubwa, apande: mia tano, mia saba, mia nane. Akianza na ndogo, hupotea akifika kwenye mia tano.

Sabuni na nyanya je? Wengi husema “mia kumi na moja”. Wako sahihi kabisa, na kuwawekea mkasi ni kuwaonea! Kinachokosekana ni jina tu. Wapeleke benki: mia kumi wanapewa noti moja ya elfu, mkononi inabaki mia moja. Wale wa mtaani tayari wanajua buku (elfu) na jero (mia tano), na “buku jero” ni kujumlisha tosha, waache waseme.

Kwenye daftari linakuja lingine: elfu moja na mia moja inaandikwa 1000100, kama inavyotamkwa. Hapa kata kadi ndefu ya 1000 na fupi ya 100, uzilaze moja juu ya nyingine zikilingana upande wa kulia. Mia inafunika sifuri tatu, inasomeka 1100. Dakika mbili, na hoja imeisha.

Chenji nasubiri wiki ya pili, na sifundishi kutoa. Mafuta 700, mteja katoa elfu: muuzaji anapandisha, mia nane, mia tisa, elfu, sarafu ya mia moja kwa kila neno. Kosa la kawaida ni kutoa sarafu huku akitamka “mia saba”, genge likapata hasara ya mia. Kwa hiyo nataka kwanza aguse chupa ya mafuta kwa kidole, ataje bei, ndipo mkono uende kwenye kopo.

Kabla ya kengele, kila kundi linahesabu kopo lake kwa sauti. Isipofika 4,000 hatutoki, na mara nyingi ile mia inayokosekana imeingia kwenye kiberiti.