Nilivyofundisha jeni zenye alama ya mzazi kwa mahindi ya shambani

Shule ninayofundisha hapa Moshi haina maabara ya jenetiki, ila shamba la mahindi lipo. Kidato cha sita walipokataa kata kata kwamba jeni ileile inaweza kuamka ikitoka kwa mama na kulala ikitoka kwa baba, nikaona tuanzie huko.

Masika tulipanda mahindi meupe na ya njano. Mahindi machanga tuliyavisha mifuko ya kaki kabla nywele hazijachungulia, maana zikishatoka, chavua ya jirani haipigi hodi. (Bibi mmoja mpita njia akauliza, "Mwalimu, mahindi yenu yanasikia baridi?") Nywele zilipokomaa tukakung'utia mbelewele za njano juu ya meupe, na za meupe juu ya njano.

Siku ya kumenya, mama mweupe kwa baba wa njano alitoa punje za njano iliyopauka. Mama wa njano kwa baba mweupe, njano iliyokolea zaidi. Darasa likashangilia. Nikawaambia bado. Endospemu, ile sehemu ya wanga, hupata seti mbili za kromosomu kwa mama na moja kwa baba. Njano yetu ni hesabu tu ya nakala za jeni: mbili zikitoka kwa mama wa njano, moja ikitoka kwa baba wa njano.

Hapo nikamleta, kwa maneno tu, Jerry Kermicle, mtaalamu wa jenetiki ya mahindi wa Wisconsin, Marekani. Mwaka 1970 alichapisha kazi yake kuhusu jeni R, inayoipa punje rangi ya zambarau. R ikitoka kwa mama, punje nzima hukolea. Ikitoka kwa baba, huwa madoadoa. Je, si hesabu tena? Alipanga kromosomu ili baba apeleke R mbili, sawa na mama, na madoa yakabaki palepale. Sijaona jaribio linalofunga mjadala vizuri kama hilo.

Utaratibu wenyewe niliuchora haraka: katika Arabidopsis, mmea mdogo unaotumika sana maabara, kimeng'enya DEMETER hufuta alama za methili (vibandiko vya kikemia vinavyoweza kulaza jeni) kwenye baadhi ya jeni za seli ya kati, ile inayokuja kuwa endospemu, upande wa mama, kabla ya utungisho. Mbegu za kiume hufika na alama zake.

Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, punje yenye madoa ukiipanda, itazaa madoa daima?" Hapana. Endospemu huliwa na mche. Kinachorithisha ni kiinitete, na R hiyohiyo ikipitia upande wa mama msimu ujao, punje inakolea yote.