Ziwa Letu Lina Umri Gani?

Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Kigoma, na Jumapili nafundisha watoto kanisani. Wanafunzi ni walewale, sina pa kujificha. Juzi mmoja akaniuliza mbele ya wenzake: "Mwalimu, mzee wa kanisa anasema dunia ina miaka elfu sita. Mbona wewe unasema Ziwa Tanganyika peke yake lina mamilioni?"

Nikamwambia anitafutie mstari wa Biblia wenye hiyo elfu sita. Haupo. Ni hesabu za watu, na iliyovuma zaidi ni ya Askofu James Ussher wa Ireland, ambaye mwaka 1650 alichapisha kwamba uumbaji ulianza mwaka 4004 kabla ya Kristo. Simcheki, alikuwa msomi hasa. Alijumlisha vizazi vya kwenye Maandiko kwa sababu ndicho alichokuwa nacho.

Ziwa nalo lina ushahidi wake. Kina kinafika kama mita 1,470, na chini ya hapo kuna tope lililojipanga tabaka juu ya tabaka, kilomita kadhaa. Samaki huyu kuhe, anayeshushwa mwaloni Kibirizi hapa Kigoma asubuhi, asili yake ni ziwa hili tu, dunia nzima. Mambo hayo hayaji kwa pupa.

Mtu mwingine wa kanisa aliyepiga hesabu ni Georges Lemaître, padri Mbelgiji na mwanafizikia, aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka. Na hakupenda kabisa hesabu zake zitumike kuthibitisha kitabu cha Mwanzo. Ningependa wasikie hilo wanaonirushia video WhatsApp kila wiki, eti sayansi imethibitisha hiki na kile. Hao wananichosha kuliko mzee wa kanisa.