Main Street ya Jinja: Inua Macho Kabla ya Kuingia Dukani

Mgeni anayefika Jinja, nchini Uganda, huelekezwa moja kwa moja kwenye chanzo cha Mto Nile, na Main Street, mtaa mkongwe wa mji wenyewe, akaupita tu njiani. Kwa maoni yangu, mtaa huo unastahili siku nzima ya kutembea kwa miguu.

Sehemu ya chini ya majengo yake imepakwa rangi za kampuni za simu, lakini ukiinua macho utaona, juu ya ukuta wa mbele, jina la mwenye jengo na mwaka lilipojengwa. Wengi wa wenye majengo hao walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi waliofuata pamba ya Busoga, eneo linalouzunguka mji huu, iliyosafirishwa kwa reli ya kati ya Jinja na Namasagali tangu 1912. Na bwawa la umeme la Owen Falls, kwenye Mto Nile hapo Jinja, lilipofunguliwa mwaka 1954, viwanda vilifuata umeme na biashara ikanoga. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka, maduka yakagawiwa wengine. Baadhi ya Waasia hao walirudishiwa mali zao katika miaka ya 1990, wakayakuta majengo yamechakaa. Kila ninapoona ukuta wa aina hiyo umebomolewa ili ijengwe ghorofa ya vioo, huumia sana, kwa sababu kuta hizo ni kumbukumbu ya watu hao iliyo wazi kwa kila mpita njia.

Mbele ya maduka kuna baraza zenye nguzo, ambapo mafundi cherehani huweka mashine zao, na mvua ikinyesha unaweza kuendelea na ununuzi wako bila kulowa.

Chakula cha haraka ni rolex. Muuzaji huvunja mayai kwenye kikombe cha plastiki, akakatia humo kitunguu, nyanya na kabichi, akamimina kwenye kikaango kipana kilicho juu ya makaa, kisha akalaza chapati juu ya mayai kabla hayajakauka, ili vishikane vinapokunjwa. Omba akukaangie palepale, kwa maana iliyokaa huwa ngumu. Mchana tafuta hoteli ndogo inayopika viazi vitamu, chakula cha asili cha Wasoga, kwa mchuzi wa karanga au kwa sato wa Ziwa Victoria aliyekaangwa mzima.

Kuhusu malazi, vyumba vya bei nafuu vimo mtaani humohumo, juu ya maduka, ila kelele za bodaboda huanza mapema. Mwenye uwezo zaidi aende upande wa mtoni, ambako nyumba za zamani zenye veranda na bustani pana zimegeuzwa kuwa nyumba za wageni. Mimi huzipendelea hizo kuliko hoteli mpya, kwani fedha ya mgeni ndiyo inayompa mwenye nyumba sababu ya kukarabati paa la kale badala ya kuliuza pamoja na kiwanja.