Mpira wa Maji

Mwanangu alikuwa na miaka 7, na kichwa chake kilikuwa cha kawaida kabisa. Nalisema hili mapema kwa sababu mimi mwenyewe nikisikia "maji kichwani" niliwaza vichanga wenye vichwa vikubwa. Yeye aliamka kichwa kinamuuma, akatapika, kufika saa nne yuko uwanjani na wenzake. Tukampa dawa ya minyoo, tukampa ya malaria, mama yake akabadilisha hadi mafuta ya kupikia. Alipoanza kuyumba kama mlevi ndipo tukaambiwa tukapige picha ya CT.

Uvimbe ulikuwa kisogoni, umeziba palepale maji ya ubongo yanapopita kushuka. Daktari alisema fuvu la mtoto wa umri ule limeshashikana, halitanuki tena, kwa hiyo maji yakikosa njia yanaubana ubongo wenyewe.

Nilidhani watamwekea ule mpira wa kudumu unaoteremka hadi tumboni. Daktari akakataa. Uvimbe ukitoka, alisema, watoto wengi maji yao hurudi njia yake, na mpira nao huziba, hupata maambukizi. Wakaanza na sindano za deksamethasoni, dawa ya kupunguza kufura kwa ubongo. Usiku wa pili akawa hazinduki vizuri, wakamkimbiza ndani, wakatoboa tundu dogo kwenye fuvu na kumpitishia mrija mwembamba unaodondosha maji kwenye kichupa kilichofungwa kwenye stendi.

Mimi ni fundi wa kujenga. Nilipomwona nesi anatoa pima maji mfukoni nilidhani macho yananidanganya. Akalinganisha tundu la sikio la mwanangu na alama ya sifuri kwenye stendi, kisha akapandisha kichupa sentimita 15.

"Kikiwa juu mno hayatoki," akanieleza. "Kikishuka yanakimbia kwa wingi, na kwa uvimbe ulipo, ubongo wa nyuma unaweza kusukumwa juu. Akitaka kukaa, niite kwanza nifunge koki."

"Sista, huu si ndio mpira wetu wa maji?" Ule wa plastiki angavu tunaovuta kona hadi kona kutafuta usawa wa msingi.

Akacheka. "Basi wewe sina haja ya kukufundisha."

Siku zile sikulala. Kila kitanda kilipoguswa nilichuchumaa, jicho moja nimefumba, nikilinganisha sikio na ile alama. Maji yenyewe meupe kama ya dafu, tone, kimya, tone.

Uvimbe ukatolewa. Siku kadhaa baadaye wakafunga koki makusudi, saa 24, waone kama maji yamepata njia. Alfajiri nilikuwa nimekaa kando ya kitanda na beseni mapajani, nasubiri atapike kama kawaida yake. Akafumbua macho, akaliangalia beseni, akaniangalia mimi.

"Baba, unafua?"

Kisha akaomba chai na chapati mbili.