Kichwa Kinachoinuka Kabla ya Wakati

Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba kasoro yangu katika snuka, mchezo wa mezani wa kupiga mipira kwa fimbo hadi iingie mifukoni, ilikuwa katika kulenga. Kila nilipokosa mfuko nililaumu jicho, nikabadilisha fimbo, nikaongeza chaki, hadi siku moja mwenzangu aliponirekodi kwa simu akiwa ng'ambo ya meza. Nilichokiona kilinifedhehesha: ncha ya fimbo ilikuwa bado haijaufikia mpira mweupe, ule unaopigwa ili ugonge mingine, nami tayari nimekwisha kuinua kichwa ili nione kama mpira umeingia.

Kichwa kikiinuka, bega hukifuata, kiwiko hutoka katika mstari wake, na ncha huugusa mpira pembeni badala ya katikati. Katika puli, mchezo unaofanana na snuka, kosa hilo linaweza kusameheka, kwa sababu meza ni fupi. Katika snuka, ambako meza ina urefu wa takriban mita 3.6 na mpira una kipenyo cha milimita 52.5 tu, mkengeuko mdogo mwanzoni huwa mkubwa sana kufikia mwisho wa safari.

Dawa iliyonisaidia ni kutulia. Baada ya kuipeleka fimbo mbele na nyuma mara mbili au tatu kama anayepima, ninaivuta nyuma polepole, ninasimama kwa muda wa kutamka "moja" moyoni, kisha ndipo ninapiga, nikiiacha ncha ipite pale mpira mweupe ulipokuwa. Vidole huishika fimbo bila kuikaba. Anayeikaba huipindua bila kujua. Kidevu hubaki karibu na fimbo mpaka mpira unaolengwa uwe umekwisha kuondoka.

Najua atatokea mtu wa kunitajia Alex Higgins, mchezaji wa snuka aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 1972 na 1982 huku mwili wake ukirukaruka wakati wa kupiga. Ni kweli, lakini kipaji cha namna ile hakiigiki, na wengi waliojaribu kukiiga wamebaki na kule kurukaruka peke yake.

Zoezi ninalolirudia ni kuuweka mpira mweupe kwenye alama ya mezani ambapo mpira wa kahawia huwekwa na kuupiga moja kwa moja, upite juu ya alama za mipira ya buluu, waridi na nyeusi, ugonge ukingo wa mbele na kurudi. Ukipigwa katikati barabara, hurudi na kuigusa ncha ya fimbo iliyotulia palepale. Ukigongwa upande wa kulia, huzunguka, na ukitoka ukingoni hukengeuka kulia. Zoezi hili halina mahali pa kujificha.

Jana nilipiga mara kumi. Mara nne mpira ulirudi kwenye ncha. Mara sita ulipita kulia, na katika tano kati ya hizo nilikuwa nimekwisha kusimama wima ulipokuwa unarudi.