Naambiwa na Ukuta

Juzi nilikuwa napekua makaratasi nikitafuta cheti cha ndoa, kitindamimba wangu akachungulia begani. "Mama, nani kakichafua?" Alionesha doa la wino upande wa mashahidi. Nikamwambia hicho ni kidole cha nyanya yangu. Akacheka, akaenda zake kucheza. Mimi nikabaki nacho mkononi hadi uji ukashika chini ya sufuria.

Ilikuwa 2016. Mimi na baba watoto dini zetu mbalimbali: kwa kadhi hatukufaa, kwa padri hatukufaa, ikabaki bomani. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, picha ndogo, kiapo kwa wakili kwamba hakuna aliye na ndoa kwingine. Baba watoto alikubali kuwa hii ni ndoa ya mke mmoja bila hata kumeza mate. Hilo nimeliweka akiba. Kilichonitesa ni notisi. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 yataka mtoe taarifa angalau siku 21 kabla, zisipite miezi 3, na itangazwe hadharani ili mwenye pingamizi ajitokeze. Siku 21, Malindi! Mji ambao ukinunua samaki Shela, hujafika Barani washajua ni changu au tafi.

Kwetu sikuwa nimesema. Nilipiga hesabu kwamba hakuna wa kwetu apitaye bomani. Kila baada ya siku mbili tatu nilikwenda kuuchungulia ubao wa matangazo kama mtu aliyepotea njia.

Siku ya 19 nikamkuta nyanya.

Amesimama mbele ya ubao, buibui limepauka mabegani, kikapu cha mahamri mkononi. Nyanya hakujua kusoma. Karani kijana alikuwa akimsomea, kidole kikifuata mstari: jina langu, la baba yangu, umri, mtaa, hajaolewa. "Rudia," nyanya akasema. Akarudia. Foleni ya vyeti vya kuzaliwa yote ilinyamaza. Mimi nimejibana nyuma ya nguzo, nasikia jina langu likisomwa kama la marehemu redioni.

"Na hapo chini pasemaje?"

"Mwenye pingamizi alilete, nyanya."

"Mimi ninalo."

Karani akanyooka. Akamweleza kwa adabu kwamba pingamizi huandikwa: jina lako, uhusiano wako na wanaooana, na sababu. Sababu yake ni ipi?

"Mjukuu wangu yuaolewa, nami naambiwa na ukuta."

"Hiyo sheria haiitambui, nyanya."

"Basi hiyo sheria haina nyanya." Kisha, bila kugeuka: "Nawe toka hapo nguzoni. Viatu vyako navijua."

Akanitwika kikapu. Hadi Shela hakusema neno.

Siku yenyewe ilipita mbio. Mashahidi walitakiwa wawili. Rafiki yangu mmoja aliinuliwa kitini, nyanya akakaa. Alikandamiza gumba kama anayeziba tundu la maji, wino ukatapakaa. Akauliza, "Ndo basi? Hata kashata hakuna?"

Alifariki miaka mitatu baadaye, na ile siku ya ubao hatukuwahi kuizungumza. Nani alimpeleka pale, sijui. Mara nyingine naona alikuja kunisitiri. Mara nyingine nawaza kwamba lau angejua kuandika, ile karatasi ya pingamizi angeijaza.